Bahari ya Joto Ilivyomtetemesha Binti Yangu

Mtu angeniambia kwamba mtoto anaweza kushikwa na baridi baharini Zanzibar, mchana kweupe na jua linawaka, ningemcheka. Mimi ni mzaliwa wa Iringa bwana! Baridi naijua. Tumelala na mablanketi matatu, asubuhi tukaenda shule tukitoa moshi mdomoni. Kwangu mimi bahari ilikuwa joto, mchanga na madafu. Basi.

Julai mwaka jana nikajifunza, na somo lenyewe liliingia mpaka ndani ya ndoa yangu.

SAFARI YA KUMRUDISHA BABA

Baba Watoto alikuwa amehamishiwa Mwanza kikazi. Mwaka mzima na miezi minne, sisi tuko Dar es Salaam. Mnaoishi hivyo mnajua. Simu za usiku, "mpe mtoto niongee naye", mtoto anasema "shikamoo baba" halafu anakimbilia katuni zake. Kijana wetu wa miaka 11 anamkumbuka baba yake vizuri. Lakini kitinda mimba wetu, binti wa miaka 6, alikuwa anamwonea aibu kama mgeni.

Kwa hiyo shule zilipofungwa na yeye akapata likizo, nikatoa hela yangu ya mchezo, naye akaongezea, tukapanda boti kwenda Unguja. Siku ya tatu tukachukua mashua pale Fumba kuzunguka Ghuba ya Menai, kusini magharibi mwa kisiwa, eneo ambalo ni hifadhi tangu 1997. Ratiba ilikuwa kuangalia pomboo tukijaliwa, kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia, ile wanayoiita snokeli, halafu chakula cha mchana kisiwani Kwale.

Baba Watoto ni mtu wa Tanga, bahari ameijua kabla ya kujua kusoma. Asubuhi ile alikuwa na furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Kabla hatujapanda akawaambia watoto, "Leo mwalimu ni mimi. Mkiwa hodari nitawaleta tena."

Nilicheka tu. Sikujua kwamba kuna mtu mdogo ameyabeba maneno yale.

"HUYO ANADEKA"

Mimi siogelei, nikabaki kwenye mashua. Kijana alikuwa anapiga miguu huku na huko kama samaki. Binti alikuwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, kashika mkono wa baba yake, uso ndani ya maji, katulia tuli. Ilipendeza kweli. Nikapiga picha.

Baada ya nusu saa hivi akainua uso nikamwona mdomo. Ulikuwa umepauka, umekuwa kama wa kijivu.

"Baba Watoto, mtoe mtoto, anasikia baridi."

"Baridi gani maji haya? Si kama ya kuoga! Huyo anadeka, mmemzoesha vibaya."

Jamani, lile neno "mmemzoesha" lilinichoma. Sisi akina nani, wakati kwa mwaka na miezi minne nilikuwepo mimi peke yangu? Lakini kwenye mashua kulikuwa na watu, nikameza. Nikamuuliza binti, "Mama, unasikia baridi?" Akatikisa kichwa kwamba hapana. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Aliyetuokoa ni nahodha, mzee wa makamo ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema sana. Akanisogelea taratibu. "Bi mkubwa, mtoto huyu keshashikwa na baridi. Watoto hawasemi, wanataka kucheza. Mwambie mwenyewe amlete." Kisha akamwita mume wangu kwa heshima lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka majadiliano.

Alipopandishwa, upepo wa kusi ukampiga akiwa amelowa. Hapo ndipo akaanza kutetemeka, meno yanagongana mpaka tunayasikia. Baba yake akamwambia afungue kifungo cha jaketi. Vidole vilikataa. Alijaribu mara tatu, vinateleza tu. Nikamwona Baba Watoto uso umembadilika.

Nahodha akatuelekeza. Tukamvua nguo zote mbichi, tukamfuta mwili na kichwa, baba yake akavua shati akamkumbatia kifuani, ngozi kwa ngozi, mimi nikawafunika kwa khanga na taulo kavu. Nahodha akamimina chai yake ya tangawizi yenye sukari, tukaiacha ipoe kidogo, akanywa polepole. Ilipita karibu nusu saa ndipo akatulia. Akala kipande cha chapati. Halafu akamtazama baba yake akauliza, "Baba, nilikuwa hodari?"

Mume wangu hakujibu. Aligeukia baharini, akakaa hivyo muda mrefu.

KUMBE NYUZI 26 SI MAJI YA KUOGA

Tuliporudi Dar nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe bahari yetu ina majira kama shamba. Wakati wa kaskazi maji hupanda joto, na kufikia Machi na Aprili hugonga nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi. Wakati wa kusi hushuka, na kuanzia Julai hadi Septemba huwa nyuzi 25 au 26 hivi. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mwilini si ndogo hata kidogo.

Sababu ni hii. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Hewa ya nyuzi 26 unakaa na fulana huku unajipepea, lakini maji ya nyuzi 26 yanakunyang'anya joto kila dakika, kwa sababu ndani ya mwili wako kuna nyuzi 37. Hata mabwawa ya mashindano ya kimataifa ya kuogelea hutakiwa kuwa na maji ya nyuzi 25 hadi 28. Yaani bahari ya Julai ina ubaridi uleule wa bwawa la wanamichezo wanaokwenda mbio na kutoa jasho. Mtoto mwenye miwani na mrija haendi mbio. Anaelea anatazama samaki, mwili hautengenezi joto la kutosha kufidia linalopotea.

Halafu mtoto mwenyewe ni mdogo. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa kuliko yako, na joto linapitia kwenye ngozi. Akiwa mwembamba ndiyo zaidi. Ndiyo maana baba wa kilo 85 anasema maji ni ya kuoga, na binti wa kilo 19 anatetemeka, wote wako sawa! Maji ni yaleyale, miili ni tofauti. Sisi tulikuwa tunabishania joto la maji wakati tulitakiwa tuangalie mwili wa mtoto.

NA WA MELI KUBWA PIA

Nilipomsimulia dada yangu anayeishi Marekani, akacheka kwa uchungu. Wao walikuwa wamepanda meli ya kitalii kutoka Miami mwezi Februari kwenda visiwa vya Bahama. Tangazo lilionyesha watoto wanaruka majini, nao wakabeba nguo nyepesi tu. Walipofika Nassau watoto walikaa majini dakika 10, wakatoka wanalia. Bahari ya Bahama Februari huwa nyuzi 23 au 24. Wangeenda wakati huohuo Cozumel, upande wa Meksiko, wangekuta kama nyuzi 26, na visiwa vya kusini zaidi vya Karibi ni hivyohivyo au zaidi kidogo. Maji yenye joto kabisa kule ni ya Agosti na Septemba, ila hayo ndiyo majira ya vimbunga, yanayohesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30.

Kwa hiyo usiulize tu "tunaenda nchi za joto?" Uliza mwezi gani, kisiwa gani, maji yana nyuzi ngapi.

DONDOO ZA KUBEBA NA TAULO LAKO

• Maji ya nyuzi 29 au zaidi: wengi hufurahia bila shida. Hapo adui ni jua la mgongoni na kiu. Fulana ya mikono mirefu na maji ya kunywa.

• Nyuzi 27 na 28: panga mapumziko. Sisi tunawatoa wadogo kila baada ya dakika 20 au 30, wakauke na kula kitu.

• Nyuzi 25 na 26: mvalishe mtoto suti ya kuzamia, hata ile fupi nyembamba. Isipokuwepo, dakika 10 hadi 15 kwa mara moja zinatosha.

• Chini ya hapo: bila suti, mtoto mdogo achezee ufukweni, aingie na kutoka.

• Mtoto akisema "sisikii baridi" usiishie hapo. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama midomo, ufizi na kucha. Mwambie afunge na kufungua kifungo. Vidole vikigoma, safari ya majini imekwisha kwa leo.

• Beba nguo kavu za kila mtoto, kofia, na chai ya moto kwenye chupa. Baridi kali huja mkiwa mmelowa kwenye chombo chenye upepo, wakati wa kurudi.

• Usimsugue kwa nguvu, mkaushe na kumkumbatia. Usimpe kinywaji kama amelegea au hawezi kumeza vizuri. Mtoto wa baridi aliyeacha kutetemeka bila kupata joto, anayesinzia au kuongea kilevi, ni wa kukimbizwa hospitali.

USIKU ULE

Watoto walipolala tukakaa barazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si unajua tena sisi wanawake tunavyopanga maneno. Lile "mmemzoesha" nilikuwa nimeliweka juu kabisa. Lakini akaanza yeye.

"Aliogopa kuniambia," akasema. "Mtoto wangu mwenyewe."

Nikamwambia hakuogopa, alitaka kukupendeza. Na mimi pia nilinyamaza kwa sababu ya watu, nikaona bora mtoto apate baridi kuliko mimi nionekane namwaibisha mume. Tukaongea mpaka usiku mkubwa, mengine hayakuhusu bahari kabisa. Yalihusu Mwanza, simu zinazokatwa haraka, na nani anaamua mambo ya watoto baba asipokuwepo. Tukakubaliana jambo moja dogo: mmoja wetu akisema "mtoe mtoto", anatolewa kwanza, mjadala baadaye.

Desemba tulirudi Fumba, ahadi ni ahadi. Maji yalikuwa yameshapanda, nyuzi 28 hivi. Mwalimu alikuwa yuleyule, lakini safari hii alimfundisha ishara ya mkono ya kusema "nataka kutoka", akamwambia hodari ni yule anayeitumia mapema. Tukafika kwenye matumbawe, wakaingia. Hazikupita dakika 15, binti akainua mkono.

"Baba, nasikia baridi."

Baba Watoto hakuuliza baridi gani. Alimbeba wakaja kwenye mashua, na mimi nilikuwa nimeshafungua taulo.