Globu Isiyokufa na Biashara ya Taa Janja

Kwa muda mrefu wafanyabiashara wa taa walipata riziki yao kutokana na globu iliyoungua. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya taa, yakiwamo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na washirika wa General Electric ya Marekani, yalikutana Geneva yakafunga mapatano yaliyoitwa Phoebus, ambayo kwayo maisha ya globu ya kawaida yaliwekewa kipimo cha saa 1,000, na kiwanda kilichothubutu kutengeneza globu yenye kudumu zaidi kikatozwa faini. Maana globu isiyokufa haina mrithi, na duka lisilorudiwa na mnunuzi halina faida. Mapatano hayo yalivunjika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini mwendo wa biashara haukubadilika sana mpaka zilipoenea taa za LED, ambazo aghalabu huandikiwa saa 15,000 hadi 25,000. Kwa mtu awashaye taa saa tatu kila usiku, globu ya zamani ilikufa kabla ya mwaka kutimia, na hii ya sasa ikifikia saa 25,000 hukaa zaidi ya miaka 20. Maadamu hali ni hiyo, muuza taa alilazimika kutafuta bidhaa nyingine, na bidhaa aliyoipata ni amri, yaani uwezo wa mwenye nyumba kuuambia mwanga uongezeke, upungue au ugeuke rangi pasipo yeye kuinuka kitini. Mahali pa kuipimia biashara hii ni sinema ya nyumbani, kwa kuwa ndicho chumba ambacho mwenyewe hulipia giza kama anavyolipia mwanga.

Elimu ya kupunguza mwanga haikuzaliwa pamoja na simu janja. Hapo kale majumba ya michezo yaliupunguza kwa mitambo mizito iliyozuia umeme na kuugeuza joto, mitambo isiyoweza kutiwa ukutani mwa nyumba ya mtu, hata mwaka 1959 Joel Spira, mwanafizikia wa New York, alipobuni swichi ndogo yenye kuukata umeme mara nyingi katika kila sekunde, upesi kupita jicho linavyoweza kutambua. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth waliasisi kampuni ya Lutron, yenye makao yake Pennsylvania, ambayo hata leo haimo katika soko la hisa, na ambayo msingi wa biashara yake ungali ule ule: swichi iliyofungwa ukutani, inayoiamuru globu yoyote inayokubali kupunguzwa.

Njia ya pili ilifunguliwa Oktoba 2012, Philips ilipoleta taa za Hue katika maduka ya Apple, globu tatu pamoja na kisanduku cha kuziunganisha kwa dola 199. Hapa akili ilihamishwa kutoka ukutani ikatiwa ndani ya globu yenyewe, na mteja hakuhitaji fundi. Alizungusha globu katika tundu lake, akafungua programu katika simu, akaanza kuamuru. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuuza tangu 2004 televisheni za Ambilight, zenye kutupa rangi za picha katika ukuta ulio nyuma yake, na mwaka 2019 fikra hizo mbili zikaunganishwa katika kisanduku kinachoisoma picha ipitayo katika waya wa HDMI na kuziamuru taa za chumba zizifuate rangi zake. Bei ya kisanduku ilikaribia dola 230, kabla ya kununua globu hata moja; na picha itokayo katika programu zilizomo ndani ya televisheni haipiti katika kisanduku hicho, wala taa hazina cha kufuata. Washindani wa China, kama Govee, wakaleta jawabu la gharama nafuu: kamera ndogo inayoitazama televisheni na kuzipasha taa habari za rangi ilizoziona.

Atakayefuata mwendo wa mitaji ataona kwamba majina makubwa yaliyotajwa katika habari za Geneva yote yamejitoa katika globu ya nyumbani. Philips iliitenga biashara yake ya taa na kuiingiza katika soko la hisa la Amsterdam mwaka 2016, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikapewa jina la Signify, ingawa katika masanduku ya globu jina la Philips lingali likitumika kwa idhini. Osram iliiuza biashara yake ya globu, LEDVANCE, kwa muungano wa wenye mitaji wa China, na mauzo yakakamilika mwaka 2017. General Electric, ambayo asili yake ni karakana za Edison, iliiuza biashara ya taa za nyumbani mwaka 2020 kwa Savant, kampuni ya Massachusetts ambayo kazi yake ni kuziongoza nyumba kwa mitambo. Mauzo haya ya mwisho yanafumbua maana ya yote: mwenye kuuza amri alimnunua mwenye kuuza mwanga.

Juu ya soko la globu za dukani liko soko la mafundi, ambalo kwa sinema ya nyumbani ndilo lenye fedha nyingi. Chama chao, CEDIA, kiliasisiwa Marekani mwaka 1989, na mitambo wanayoifunga hutoka katika makampuni kama Crestron na Control4, iliyoanza 2003 ikauzwa kwa SnapAV mwaka 2019. Na mwaka 2024 Resideo ikainunua kampuni hiyo iliyoungana, yenye jina jipya la Snap One, kwa kiasi cha dola bilioni 1.4. Fedha zote hizo hazikutolewa kwa ajili ya plastiki na nyaya. Zilitolewa kwa ajili ya mtandao wa mafundi, ambao mteja akiisha kuwaamini na kuwaachia nyumba yake, huwarudia kila kifaa kinapohitaji matengenezo.

Basi mafundi hao huuza nini kinachozidi globu ya dukani? Kwanza, mgawanyo: taa za dari katika mkondo wake, za ukutani katika wake, na za vidato vya sakafu katika wake, ili watu waingie katika mwanga kamili, watazame gizani, na filamu ikisimamishwa njia ionekane bila ya macho kuumizwa. Pili, kina cha upungufu. Jicho la binadamu haliupimi mwanga kama kipimavyo chombo. Mwanga uliopunguzwa hadi asilimia 10 ya asili yake huonekana kama asilimia 32 hivi, na ule wa asilimia 1 ndio uonekanao kama asilimia 10, kwa hiyo globu isiyoweza kushuka chini ya asilimia 10, hata ikiwa rahisi namna gani, haifai chumba hiki. Tatu, ukweli wa rangi: nyuma ya televisheni huwekwa taa nyeupe ya kelvini 6,500, kwa sababu ndio weupe unaotumiwa na watengenezaji wa filamu kusawazishia picha zao, na nguvu yake ikiwa karibu asilimia 10 ya weupe mkali wa kioo, macho hupumzika, na weusi wa picha huonekana kukolea. Mwanga wa samawati au zambarau mahali hapo hulipotosha jicho likaiona ngozi ya mwigizaji kwa rangi isiyo yake. Rangi zinazokimbizana na picha zina furaha yake katika michezo ya kompyuta, lakini mpenda filamu analipia kitu kinachomharibia alichokuja kukitazama.

Hatari kubwa ya biashara hii ni utii wa taa kwa mtambo ulio mbali. Agosti 31, 2021, mitambo ya intaneti iliyoziendesha taa za Lightify, zenye jina la Osram, ilizimwa, na programu yake ikakoma kufanya kazi, hali globu zenyewe zilikuwa nzima. Waliookoka ni wale walioweza kuzihamishia katika kisanduku cha kampuni nyingine, kwa kuwa zilitumia Zigbee, lugha ya mawasiliano isiyomilikiwa na kampuni moja. Oktoba 2022 ilitoka lugha nyingine ya pamoja, Matter, iliyokubaliwa na Amazon, Apple na Google, ambayo huiwezesha globu ya kampuni hii kuitii swichi ya kampuni ile ndani ya nyumba yenyewe. Lakini ule mchezo wa rangi zinazoifuata picha kila kampuni ingali ikiushika kama siri yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana hesabu mbili za ziada. Swichi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240, hivyo zinazofaa ni zile za mizani ya Ulaya. Tena, globu janja nyingi, umeme ukikatika na kurudi, huwaka zenyewe kwa nguvu zote mpaka zirekebishwe zikumbuke hali ziliyokuwamo. Rekebisho hilo halina gharama, na fundi asiyelijua hajaijua kazi yake.

Rai yangu ni kwamba mwenye fedha chache azianzie katika swichi nzuri na mgawanyo wa mikondo, kisha taa nyeupe ya nyuma ya kioo, na rangi ziwe za mwisho. Ukuta na nyaya hukaa zaidi ya kampuni, na globu sasa hukaa zaidi ya kampuni pia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muuzaji na aulizwe kama taa hizi zitaendelea kumtii mwenye nyumba siku kampuni itakapouzwa au mitambo yake itakapozimwa, na asiyeweza kujibu asipewe fedha.