Oili, Maji na Giaboksi: Lugha na Kazi katika Gereji za Eldoret

Mwenye gari akifika kwa fundi mjini Eldoret na kusema kwamba gari lake linahitaji mafuta, atakuwa hajamweleza fundi jambo lolote. Mafuta ni petroli; ni dizeli; ni yale yanayokaangia mandazi; ni yale anayopakwa mtoto baada ya kuoga. Ndiyo maana mafundi wa jua kali waliliachia neno hilo vituo vya petroli na jikoni, wakalitwaa neno oili kwa ajili ya kile kinacholainisha vyuma. Wapo wanaoona matumizi hayo kuwa uchafuzi wa lugha. Makala haya yanakusudia kueleza namna oili ya giaboksi inavyobadilishwa na, papo hapo, kuonyesha kwamba neno moja lisilo wazi katika kazi hii huweza kumgharimu mtu giaboksi nzima.

Giaboksi ni sanduku la chuma lenye magurudumu ya meno yanayopokezana nguvu za injini hadi kwenye matairi. Oili iliyomo hutenganisha meno hayo yasisagane, hubeba joto na hukusanya chembe za chuma. Tofauti na oili ya injini, hii haikutani na moto wala masizi, kwa hiyo huchakaa polepole na husahaulika upesi. Wenye magari wengi huikumbuka pale gia inapokataa kuingia.

Adui yake mkubwa ni maji. Watengenezaji wa magari madogo yanayotembea nchi kavu na majini, kama Argo la Kanada lenye magurudumu sita au manane na bodi mfano wa mtumbwi, hulijua jambo hili vyema. Magari ya aina hiyo ni adimu Uasin Gishu, lakini pikapu na trekta za huko huvuka vijito na madimbwi msimu wote wa mvua, na kanuni ni ile ile. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka. Ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa hiyo hunywea na sanduku huvuta pumzi. Tundu likiwa chini ya maji, au sili zikiwa zimechakaa, kinachovutwa si hewa tena. Maji yakishachanganyika na oili, rangi yake hugeuka ikawa kama chai ya maziwa, na uwezo wa kulainisha hupungua. Kutu na kuharibika kwa beringi hufuata. Katika trekta nyingi hasara huwa maradufu, kwa kuwa oili hiyo hiyo ya giaboksi ndiyo inayonyanyua jembe kwa nguvu za hidroliki. Mkulima wa mahindi ambaye trekta yake imekufa wakati wa kupanda hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Kazi yenyewe huanza kwa kuliendesha gari dakika chache ili oili ipate joto na itiririke kwa urahisi. Gari husimamishwa mahali tambarare. Likiinuliwa, liinuliwe pande zote kwa usawa na kuegemezwa kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Hapana budi nati ya juu, ya kujazia, ifunguliwe kwanza kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Wanagenzi wengi hulipuuza agizo hili. Akimwaga oili yote kisha akakuta nati ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, fundi atabaki na gari lisiloweza kwenda popote.

Oili inapomwagika, fundi mzuri huisoma. Nati nyingi za kumwagia zina sumaku. Ujiuji wa kijivu ulionata hapo ni uchakavu wa kawaida, bali kipande cha jino au vipande vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine kabisa. Rangi ya maziwa ni maji. Katika giaboksi za otomatiki, harufu ya kuungua huashiria kwamba klachi za ndani zinateleza. Baadaye nati ya chini hurudishwa ikiwa na washa mpya, na oili hujazwa. Kwa giaboksi nyingi za mkono kipimo ni ukingo wa tundu la kujazia: ikianza kuchuruzika, imetosha. Kuzidisha si ukarimu, kwani huweza kuleta povu au kuisukuma oili itokee kwenye sili.

Kuchagua oili ndiko kwenye mtego. Tarakimu 80W-90 hueleza wepesi wa oili kwenye baridi na uzito wake kwenye joto, na Eldoret, ulio mita 2,100 hivi juu ya bahari, una alfajiri za baridi zinazofanya oili nzito iwe ngumu zaidi. Oili ya daraja la GL-5 hufaa difu, lakini viungo vyake vya salfa na fosforasi huweza kudhuru pete za shaba katika baadhi ya giaboksi za mkono zilizoundiwa GL-4. Gari la otomatiki hutumia oili nyepesi, aghalabu nyekundu. Lile la CVT, linaloendeshwa kwa mkanda badala ya gia za kawaida, hudai oili yake mahususi. Magari mengi ya Eldoret yametoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi yake ni ya Kijapani. Basi mteja akisema tu "nitilie ya gia", amemwachia fundi kubahatisha baina ya oili nne au tano.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini ni nadra kwa kitabu cha maelekezo cha gari kumfikia fundi kwa lugha anayofanyia kazi. Giaboksi, klachi, beringi, sili na difu ni maneno aliyoyapata kwa sikio, akayavika irabu, na sasa yanatii sarufi: beringi zimekufa, sili inavuja. Mtafsiri atakayeandika "mafuta ya sanduku la gia" atasifiwa katika semina, na garejini ataulizwa ni mafuta gani.

Iliyomwagwa huitwa oili chafu. Wakulima huipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na inayobaki humwagwa chini, mvua ikaichukua kuelekea mto Sosiani.