Jiko la Kuchomea Nyama: Tazama Kwanza Kuni Zake

Kazi ya kuchoma nyama, samaki na ndizi ni riziki ya watu wengi katika Bukoba na Muleba. Tazama Kemondo, tazama Muleba mjini, tazama njia panda zote: jioni ikifika moshi hupanda, na mtu aliyetoka safari hununua kipande cha nyama na nkonjwa moja ya moto, akaendelea na njia yake. Nyumbani nako, sikukuu ikija au mtoto akibatizwa, baba hutaka kumchoma mbuzi badala ya kumpika sufuriani kama siku zote. Basi si ajabu vijana na wenye nyumba kuuliza: Jiko la kwanza la kuchomea, ninunue lipi?

Swali hili limezidi siku hizi kwa sababu ya simu. Mtu huona katika picha majiko ya Wamarekani, makubwa, meusi, yenye kifuniko na bomba la moshi, yanayojilisha yenyewe kuni ndogo ndogo zinazofanana na chakula cha kuku. Anaona nyama imelala mle saa sita, wala hakuna anayepuliza moto, wala hakuna anayelia machozi. Anasema moyoni: Hili ndilo langu. Tusimcheke, maana jiko hilo ni zuri kweli. Lakini fedha za kahawa haziji kila mwezi, na jiko lililonunuliwa bila kufikiri huishia kuwa kiota cha kuku nyuma ya nyumba.

Kuni hizo ndogo huitwa peleti. Hufanywa kwa maranda ya mbao yaliyokaushwa sana, yakasagwa, kisha yakashindiliwa kwa nguvu katika matundu membamba ya chuma. Joto la kule kushindiliwa hulainisha gundi ya asili iliyomo ndani ya mti wenyewe, hata maranda yakashikamana bila gundi ya dukani. Unene wa peleti ni milimita 6 au 8, na maji yaliyobaki ndani yake hayafiki sehemu 10 katika 100. Mti mbichi uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu nzima ya uzito wake. Hiyo ndiyo siri ya moto safi wa peleti. Wala si uchawi wa Wazungu, ni ukavu tu.

Na jiko lenyewe hufanya kazi hivi. Pembeni pana sanduku la peleti. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha chuma. Hapo chuma kinachopashwa moto kwa umeme huziwasha, na feni hupuliza. Juu ya kikombe pana bamba lililolazwa kwa mteremko, ili ndimi za moto zisiiguse nyama, na mafuta yatiririke nje katika ndoo. Kuna na chombo cha kupima joto: likipungua, parafujo huongeza kuni, likizidi, hupunguza. Kwa hiyo mpishi huchagua digrii 110 au 200 za sentigredi, akafunga kifuniko, akaenda kupalilia kibanja chake.

Aliyelianzisha ni Bwana Joe Traeger wa mji mdogo wa Mt. Angel, katika jimbo la Oregon, Marekani, katikati ya miaka ya 1980; hati yake ya uvumbuzi aliipata mwaka 1986. Lakini tuangalie vema mahali alipokuwa. Oregon ni nchi ya misitu na viwanda vya mbao. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, watu wa Marekani walianza kutafuta kuni nyingine za kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na peleti zikapata soko. Bwana huyo naye biashara yake ilikuwa hiyo ya kupasha nyumba joto. Yaani peleti zilikuwapo kabla yeye hajafikiri habari za nyama. Kuni zilitangulia, jiko likafuata. Sisi tunaotaka kuanza na jiko, kuni tutazitafuta baadaye, tunaishika njia hiyo kwa mkia.

Habari ya Gisenyi

Tunao mfano wa karibu. Mwaka 2010 ilianzishwa nchini Rwanda kampuni iitwayo Inyenyeri, ikafanya kazi Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Haikuwa ya kuchoma nyama, bali ya kupika chakula cha kila siku. Watu walipata jiko dogo la feni, nao wakanunua peleti za kulilisha. Watu wa shamba waliweza kuleta kuni zao wakapewa peleti badala yake. Ulikuwa mpango wa akili, na moshi wa jiko hilo ni mdogo sana ukiulinganisha na ule wa mafiga matatu. Wataalamu wa vyuo vikuu walifika kuutazama na kuuandika. Mwaka 2020 kampuni ikafunga kazi.

Basi ufikiri mama aliyezoea jiko la namna hiyo. Jiko la mkaa likikosa mkaa wa sokoni, litapata mkaa wa jirani. Mafiga yakikosa mkaratusi yatakula mgrevilea. Lakini jiko lililofanywa kwa ajili ya peleti, kiwanda cha peleti kikinyamaza, ni ndoo ya chuma tu.

Nayasema haya kwa sababu wauzaji watazidi kuja. Mwaka 2024 Serikali yetu ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waache moshi wa kuni na mkaa. Ni shabaha njema, na kila mama aliyekohoa jikoni miaka ishirini anaiombea ifanikiwe. Lakini nyuma ya shabaha njema hufuata wachuuzi, wengine wa kweli, wengine wa kupita. Muuzaji wa jiko la peleti akija kwako, usianze kuuliza bei ya jiko. Muulize peleti zinatengenezwa wapi, zinauzwa duka gani hapa wilayani, na kama duka hilo lilikuwa nazo mwezi wa nne uliopita, barabara zilipoharibika. Akikujibu kwamba zitaletwa karibuni, mkaribishe chai, umsindikize.

Tufanye hesabu ya darasani. Jiko kubwa la kujilisha hula nusu kilo mpaka kilo moja ya peleti kwa saa kwa moto wa polepole, na zaidi ukitaka moto mkali. Kijana wa Kamachumu achome saa nne kila jioni, siku sita kwa juma: ni kilo 12 mpaka 24 kwa juma, yaani kwa mwezi kilo 50 mpaka 100. Nani atamletea huko mlimani, mwezi baada ya mwezi? Na zikifika, ataziweka wapi? Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na hewa ya ziwa ina unyevu hata siku isiyo na mvua. Peleti ikinywa maji huvimba, ikarudi kuwa maranda. Na maranda yaliyolowa yakiingia katika parafujo hugandamana humo kama saruji. Anayezitaka lazima awe na pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lililoinuliwa kutoka sakafuni.

Tena kuna umeme. Jiko hilo linapowashwa hula wati 300 hivi kwa dakika chache, kisha wati 50 au zaidi kidogo, kama balbu moja ya zamani. Si nyingi. Lakini umeme ukikatika nyama ikiwa ndani, parafujo husimama na moto hufa. Na yale yanayofanywa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120. Yetu ni 230. Ukilichomeka ukutani bila transfoma umeliua siku ile ile, nalo liligharimu dola mia kadhaa kabla ya nauli ya meli na ushuru. Kwa mwenye hoteli Bukoba mjini, mwenye jenereta na fundi na mtu wa kumletea peleti, sina neno, na anunue. Kwa anayeanza, hapana.

Pipa na kifuniko

Lakini yale mazuri ya jiko la Traeger twaweza kuyapata hapa hapa. Mazuri yenyewe ni nini? Kuni kavu, kifuniko, na nyama kukaa mbali na ndimi za moto. Hayo matatu hayahitaji mota.

Tafuta pipa la lita 200 lililokuwa na mafuta ya kupikia. Pipa lililobeba dawa za mashamba usiliguse hata ukipewa bure, maana sumu haiishi kwa kuoshwa. Fundi wa kuchomelea alipasue kwa urefu, aunge nusu mbili kwa bawaba, ya juu iwe kifuniko. Atie miguu inayofika kiunoni ili mgongo wako usalimike. Atoboe matundu ya hewa chini upande mmoja, na bomba la moshi juu upande wa pili, ili hewa ivutwe kupita juu ya nyama. Wavu wa kuchomea uwe wa chuma kitupu. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabati ya nyumba, kikipata moto mkali hutoa moshi unaoumiza kifua.

Siku ya kazi, makaa yawekwe upande mmoja tu. Upande wa pili weka chini sinia lenye maji kidogo, na nyama ikae juu ya sinia hilo. Funga. Kila nusu saa ongeza kipande kimoja cha kuni kavu, si zaidi. Kuku aliyepasuliwa katikati ataiva kwa saa moja na zaidi kidogo, ngozi ya dhahabu, wala hataungua nje akabaki na damu mfupani, kama wanavyofanya wachomaji wenye haraka. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kifike digrii 74 penye unene wa paja.

Kwa samaki jambo hili ni kubwa zaidi. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Furu na dagaa waliweza kuanikwa juani, lakini sangara ni samaki wa mafuta, jua halimwezi; ndiyo maana alipojaa ziwani, haja ya kuni za kumkaushia nayo ilipanda. Mafuta yake yakidondokea makaa hulipuka na kutoa moshi mchungu usiofaa kwa afya. Mweke juu ya sinia. Sato hana shida hiyo sana, waweza kumweka karibu na moto. (Akina mama wa mialoni wanaokausha samaki kwa mamia wanahitaji tanuri, si jiko; hiyo ni habari nyingine.)

Kuni je? Hapa Bukoba na Muleba tumebarikiwa, maana mibuni mizee ikikatwa hutoa kuni ngumu, zenye moto mkali na moshi mtamu. Zipasue, zipange chini ya upenu juu ya mawe, upepo upite chini yake, ukae miezi sita kabla ya kuzitumia. Misonobari ina utomvu, hutoa masizi. Mabaki ya nguzo za umeme, mbao zilizopakwa rangi na mbao za gundi yana dawa ndani yake. Hayo hayachomi chakula cha mtu.

Kama ni kwa nyumba yako tu, kuku mmoja wa sikukuu, hata pipa ni kubwa mno. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, lile lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, likiwekewa wavu juu latosha, nalo hula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Tusisahau tu kwamba kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo imekula kilo sita za mti au zaidi.

Neno moja nalisema kwa uzito. Mvua yetu huwashawishi watu kuliingiza jiko ndani, hasa usiku, makaa yakiwa mekundu bado na chumba kina baridi. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hupata kichwa kizito na usingizi, akalala, asiamke, yeye na watoto wake. Jiko la pipa, la udongo au la peleti, yote ni sawa katika hili. Lijengee kibanda cha mabati kisicho na kuta, mbali kidogo na nyumba, na majivu yamwagiwe maji kabla ya kulala.

Siku ya kwanza usimchinje mbuzi. Washa jiko tupu saa moja nzima kwa moto mkali, ili rangi na mafuta ya kiwandani yaungue yaishe, kisha usugue wavu kwa kitunguu kilichokatwa. Halafu anza na nkonjwa mbili na nusu ya kuku, ujue upande gani wa pipa lako una moto zaidi.