SHABA YA GANDA LA RISASI HUPIMWA KWA MATONE

Wahenga walinena kuwa si kila king'aacho ni dhahabu. Nasi twaweza kuongeza kuwa si kila metali ya manjano ni shaba ya kuaminiwa. Askari wengi huthamini baruti na kichwa cha risasi, na ganda hulihesabu kuwa takataka ya kuanguka chini. Kumbe ganda hilo hutenda kazi mbili kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Risasi ifyatuliwapo, ganda hutanuka na kuziba chumba cha bunduki, ili moto wa baruti usirudi usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, lipate kutolewa bila kukwama. Ganda likishindwa kazi hizo, mwenye bunduki huwa hatarini kabla hata adui hajamwona.

Kwa sababu hiyo ganda la kawaida hufanywa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Kwa kadiri hiyo metali huvutika kiwandani bila kupasuka. Zinki ikikaribia sehemu 40, mchanganyiko huwa mgumu, wala haukubali kuvutwa ungali baridi. Na kwa kuwa zinki ni rahisi kuliko shaba, mwuzaji asiye mwaminifu hushawishika kuizidisha. Jicho halitoshi kumuumbua, yahitajiwa hesabu.

KUTOA NA KUPOKEA

Hesabu hiyo hutegemea kanuni moja ya kemia: chembe moja haiwezi kutoa elektroni pasipo nyingine kuipokea. Ni mfano wa daftari la bohari. Kilichotoka upande mmja lazima kionekane upande wa pili. Mnamo 1853 mkemia Mjerumani Robert Bunsen alieneza upimaji wa namna hii kwa kutumia iodini, na mwaka huo huo Schwarz akaonyesha kuwa dawa iitwayo thiosalfeti ya sodiamu yafaa sana kwa kazi hiyo.

Mpimaji hukata kipande kidogo, akakipima kwa mizani nyepesi, tuseme gramu 0.300. Hukiyeyusha katika asidi ya nitriki, nayo hutoa moshi wa rangi ya kahawia wenye sumu. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mahali penye kuvuta hewa nje. Hubaki maji ya buluu. Huyachemsha ili mabaki ya moshi yatoke yote, hupunguza ukali wa asidi kwa amonia, kisha hutia asidi ya siki. Hapo huongeza iodidi ya potasiamu kwa wingi. Kila chembe ya shaba huchukua elektroni moja kutoka kwa iodidi, na iodini hujitenga. Maji hugeuka kahawia.

Ndipo thiosalfeti hudondoshwa kutoka katika bureti, mrija wa kioo wenye alama za mililita. Rangi ikififia hadi manjano hafifu, mpimaji hutia maji ya wanga, nayo hugeuka buluu iliyokoza. Sasa huenda tone kwa tone. Tone lile linaloondoa buluu, ukabaki weupe kama maziwa, ndilo mwisho wa safari.

Dawa hiyo ikiwa na nguvu ya moli 0.1 kwa lita, kila mililita moja husimama badala ya miligramu 6.355 za shaba. Zikitumika mililita 33.0, shaba ni miligramu 209.7 katika 300, yaani asilimia 69.9. Ganda hilo limetimiza sharti. Zikitumika 28.0 tu, shaba ni asilimia 59.3, hiyo si metali ya kufanyia ganda.

YAPASAYO KUANGALIWA

Moshi wa asidi usipochemshwa ukaisha, mabaki yake nayo hufukuza iodini, na hesabu huonyesha shaba isiyokuwapo. Kwa hiyo mpimaji hurudia kazi mara kadhaa, na majibu yakipishana mno huyakataa.

Polisi nao wana sehemu yao. Kipimo husema shaba ni kiasi gani. Hakisemi shaba ni ya nani. Mtu akikamatwa na vipande vya waya, asilimia peke yake haimtii hatiani wala haimwokoi. Kielelezo kikichanganywa na kingine, au kikikosa lakiri na maandishi ya nani alikishika na lini, mkemia atapima kwa uaminifu kitu kisicho chenyewe, na asiye na kosa aweza kufungwa.

Tena, usafi si yote. Jeshi la Uingereza huko India lilipata maganda yaliyopasuka yenyewe ghalani nyakati za masika, ingawa mchanganyiko wake ulikuwa sawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1921 ulieleza chanzo: amonia, kama ile itokayo katika mazizi ya farasi, ilishambulia metali iliyobaki na mkazo wa kiwandani. Dawa yake ilikuwa kuyapasha maganda moto wa kiasi ili mkazo utoke, na kuyaweka mbali na mazizi.

Basi mtunza ghala, mpimaji na mpelelezi wamo katika kazi moja. Mmoja akilegea, tarakimu iliyoandikwa karatasini haitamlinda askari aliyeko mstari wa mbele, wala haitamsaidia hakimu kutoa haki.