Engaruka: Mashamba ya Mawe Yanayostahili Kusimuliwa

Kazini kwangu hapa Sydney, kila mwaka hakosekani muuguzi anayerudi likizo na picha za Machu Picchu: kuta za mawe, matuta yaliyopangwa kama ngazi na mawingu chini ya miguu. Picha zikishatazamwa huja swali, tena bila ubaya wowote: "Na kwenu kuna magofu kama haya?" Watu wa pwani hujibu haraka: Kilwa, Gedi. Lakini huko bara, milimani? Wengi wetu hunyamaza, au tunageuza mazungumzo kuwa ya simba na tembo.

Jibu lipo, nalo ni Engaruka.

Machu Picchu ilijengwa katikati ya karne ya 15, enzi za mfalme Pachacuti wa Wainka, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,430. Watu waliishi pale kwa takriban miaka 100, kisha wakaondoka wakati Wahispania walipoiteka nchi. Karne hiyohiyo ya 15, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika wilaya ya sasa ya Monduli, mkoani Arusha, wakulima walikuwa wakipanga mawe yao, jiwe juu ya jiwe, bila saruji. Kazi yao ilidumu kama miaka 300, hadi karne ya 18.

Engaruka ni nchi kavu. Mvua ni haba, na mwenye jembe tu hapati kitu. Lakini kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hushuka mito, na wakulima wale waliyakinga maji yake yanapotokea mlimani. Walichimba mifereji, wakaijengea kingo za mawe na kuielekeza kwa kufuata mteremko ili maji yasiende kasi yakabomoa udongo, wala yasituame. Kisha waliyagawa katika vijishamba vidogo vilivyozungushiwa mistari ya mawe. Mashamba hayo yalienea karibu hekta 2,000, yaani zaidi ya mara kumi ya Centennial Park hapa Sydney.

Wenyewe hawakujenga bondeni wakaipoteza ardhi ya kulima. Vijiji vyao saba vilikuwa juu kidogo, kwenye mteremko, kila nyumba ikikaa juu ya kijukwaa cha mawe. Walilima mtama na kufuga ng'ombe na mbuzi. Watafiti wanaona kuwa mifugo ilifungiwa kwenye mazizi ya mawe, na samadi ikapelekwa shambani.

Hapa ndipo Engaruka inapoachana na Machu Picchu. Kule Peru, dola ilikuwa na uwezo wa kuita watu wa mbali waje kuijengea. Engaruka hakuna ikulu iliyopatikana wala jumba la mfalme. Kinachoonekana ni mashamba na nyumba za watu wa kawaida. Mfereji mmoja ukihudumia mashamba mengi, lazima watu wakubaliane: nani anamwagilia leo, nani kesho, nani anazibua pakiziba. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, lakini bila hayo mawe yale yasingedumu vizazi na vizazi.

Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alipita pale na kuyaandika magofu hayo. Louis Leakey alikuja kuyachunguza mwaka 1935. Tusiseme "waligundua", kwa maana Wamaasai waliokuwa wakiishi eneo hilo waliyaona mawe yale kila siku. Hata Hiram Bingham alipofika Machu Picchu mwaka 1911, alikuta wakulima wanalima juu ya matuta yaleyale ya Wainka.

Leakey alikadiria kwamba Engaruka ilikuwa na watu 30,000 hadi 40,000. Namba hiyo bado inazunguka, na sisi wa ughaibuni tunaipenda kwa sababu ni kubwa. Lakini watafiti wa baadaye waliona kuwa si mashamba yote yaliyotumika kwa wakati mmoja, hivyo watu walikuwa wachache zaidi ya hapo. Naomba wazazi tuwaambie watoto hivyohivyo. Mtoto aliyepewa sifa ya kuongeza chumvi ataumbuka darasani siku atakapoulizwa ushahidi. Na ukweli wenyewe unatosha: kulisha familia karne tatu mahali pakavu si jambo dogo.

Kwa nini waliondoka? Wengine wanataja kupungua kwa maji, wengine kuchoka kwa udongo, wengine ujio wa wafugaji. Huenda sababu ziliandamana. Wajukuu wao nao hatuwezi kuwataja kwa kabila moja, ingawa Wairaqw na Wasonjo mara nyingi hutajwa kuwa na uhusiano nao.

Elimu yenyewe haikufa. Aliyekulia Kilimanjaro anaijua mifongo ya Wachaga. Kenya, Wamarakwet bado wanashusha maji kwa mifereji kwenda Bonde la Kerio. Na ukiwa na watoto waliozaliwa hapa, waonyeshe kwanza mfano wa karibu: Brewarrina, kaskazini mwa New South Wales, Waaborijini walipanga mawe mtoni kuwa mitego ya samaki, na kila jamaa ilikuwa na sehemu yake ya kutunza. Mtoto akielewa hilo, Engaruka ataielewa upesi.

Tanzania ina maeneo saba kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Engaruka peke yake haimo, ingawa ni sehemu ya jiopaki ya Ngorongoro Lengai iliyotambuliwa mwaka 2018. Kufika si kazi. Familia nyingi zikienda likizo nyumbani hupitia Mto wa Mbu kuelekea Ngorongoro. Pale pale pana njia ya kaskazini, iendayo Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, na Engaruka iko kama kilomita 60 mbele. Chukueni mwongozaji wa kijijini, kwa sababu bila mtu wa kukuonyesha utaona mawe tu. Bebeni maji na kofia. Na waambieni watoto wasiokote jiwe la ukumbusho: kila jiwe pale liliwekwa na mtu, kwa sababu.