Laptopu inazimika yenyewe? Mwambie fundi aangalie pesti ya prosesa

Stesheneri za Buhongwa zilizo kando ya barabara ya kwenda Shinyanga zina maadui wawili: vumbi na joto. Mteja yuko nusu ya fomu ya mkopo wa chuo, feni ya laptopu inavuma kama bodaboda inayopanda mlima, mara kioo kinakuwa cheusi. Wengi hulaumu virusi, wanapiga Windows upya, na wiki inayofuata mashine inazima tena.

Kagua joto kwanza. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha namba. Andika pembeni.

Juu ya prosesa kuna chuma cha kunyonya joto. Kwa macho vyote viwili ni laini, lakini vina mabonde madogo yanayoshika hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Kazi ya pesti ni kuyajaza mabonde hayo. Kwenye laptopu za mtumba, pesti ya kiwandani mara nyingi imeshakauka kama udongo wa kiangazi.

Usihangaike sana na jina la pesti. Arctic MX-4, ambayo mafundi wengi wanaijua, ina kipimo cha upitishaji joto cha 8.5, shaba ina karibu 400. Yaani pesti yenyewe, hata iliyo nzuri, ni dhaifu mbele ya chuma. Ndiyo maana ukipaka nyingi unaharibu: umeweka blanketi. Dawa ya meno je? Inapooza siku chache, maji yake yakikauka unabaki na gamba. Pesti ya metali ya maji nayo iache. Ina galiamu inayokula aluminiamu, inapitisha umeme, na tone moja likidondokea bodi, umeagana na laptopu.

Kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Zima, chomoa chaja na betri, toa vumbi kwenye feni (hili likirukwa, pesti mpya haisaidii kitu). Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili, subiri ikauke. Prosesa ya kompyuta ya mezani inatosha na tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Ya laptopu iko wazi bila kifuniko, hivyo tandaza utando mwembamba uifunike yote. Skrubu zifungwe kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho.

Kabla hujamlipa fundi, washa, fungua kazi zilezile, linganisha na namba uliyoandika. Kama bado inagonga 90 bila kufanya kazi yoyote, chuma hakijakaa sawa au feni imekufa. Afungue tena hapohapo.