Vipimo safi, kizunguzungu kipo palepale: Mama hadeki

Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, presha iko sawa, damu inatosha. Lakini mama akiinuka kitandani nyumba inazunguka, kichwa kinabana kama kimefungwa kamba, na kichefuchefu kinampanda hata kabla ya kuonja chai. Nyumbani wanaanza kunong'ona kuwa anakwepa kazi.

Hadeki. Kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu hata bila kichwa kuuma, na kikadumu dakika 5 hadi saa 72. Wengine huyumba karibu kila siku kwa miezi 3 au zaidi. Kusimama, msongamano wa sokoni, hata kuperuzi simu huwazidishia.

Mgonjwa aandike kwenye daftari: kilianza saa ngapi, kilidumu muda gani, alikula nini, alilala vipi. Daktari ataanzia hapo. Dawa na mazoezi ya kurudisha usawa wa mwili huwasaidia wengi.

Kizunguzungu kikija ghafla na ulimi mzito, kuona vitu viwili au udhaifu wa upande mmoja, mkimbizeni hospitali. Huenda ni kiharusi. Siku nyingine zote, mwaminini na mpokeeni ndoo.